Mbegu za mmea wa vipepeo: huku kwetu nazo lazima zikae kwenye friji?

chipukizi_sakina (Arusha)

Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa wanaojua mambo ya vitalu.

Kuna mmea unaota wenyewe huku kwetu, ukitoka Sakina kwenda Ngaramtoni unauona kwenye mipaka ya mashamba ya mahindi na kando ya barabara. Unaweza kufika kimo cha mtu, majani membamba marefu, ukikata jani unatoka utomvu mweupe unanata, maua madogo ya rangi ya maziwa yanainama chini, tunda la kijani limevimba limejaa hewa na lina vinywele laini juu, mwishoni limechongoka. Likikauka linapasuka zinatoka mbegu za kahawia kila moja na sufi yake zinapeperuka. Jina la kitaalamu naambiwa ni Gomphocarpus fruticosus na ndo chakula cha viwavi vya yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi kwenye mabawa.

Nasaidia klabu ya mazingira ya watoto wa shule ya msingi hapa mtaani, tunataka tuoteshe miche yetu tupande nyuma ya madarasa ili watoto waone yai mpaka kipepeo kwa macho yao sio kwenye daftari tu. Mbegu nimeshachuma. Sasa nimeangalia video nyingi mtandaoni, karibia zote ni za Wamarekani, na wote wanasema kitu kimoja, funga mbegu kwenye tishu yenye maji, tia kwenye mfuko, weka kwenye friji mwezi mzima au zaidi ndo zitaota. Friji ni ya nyumbani ya familia na umeme wenyewe mnaujua. Maswali yangu ni haya, hiyo friji ni lazima kweli hata kwa mbegu za huku? Udongo uweje? Na mwezi huu wa nane baridi bado ipo ipo, nianze au nisubiri mvua za vuli? Halafu kuna binamu yangu yuko Marekani kasema anaweza kunitumia mbegu za kule kwenye bahasha, ni bora kuliko hizi za barabarani?

Natanguliza shukrani.

mzee_wa_kitalu (Rau, Moshi)

Binti, friji sahau. Ngoja nikueleze kwa nini, maana ukishajua sababu hutababaishwa na video yoyote tena.

Mimea wanayoonyesha hao kwenye video ni ya jamii ya Asclepias, mkubwa wao ni Asclepias syriaca, kwao ni mashariki mwa Amerika ya Kaskazini. Kule mbegu inapukutika mwezi wa 9, wa 10, na mbele yake kuna miezi ya theluji. Ingeota hapo hapo mche ungeungua wote na baridi. Kwahiyo mbegu imejiwekea kufuli ndani, haiamki mpaka ikae kwenye ubaridi wenye unyevu kwa wiki kadhaa, ndo inajua kipindi kibaya kimepita. Yule Mmarekani anapoweka kwenye friji kwenye nyuzi joto 4 hivi siku 30 na kuendelea anaipa mbegu yake kile ambacho ardhi ya kwao ingeipa. Yuko sahihi kabisa, kwa mbegu yake na kwa nchi yake.

Sasa Gomphocarpus wetu wa Afrika hajawahi kuishi hayo maisha. Theluji ya Kibo haishuki mpaka Rau wala haifiki Sakina. Kinachomtesha mmea wetu ni ukame, sio barafu, kwahiyo mbegu yake inachosubiri ni maji na joto basi. Ukiipa hivyo viwili inaota. Ukiiloanisha ukaitia kwenye friji mwezi mzima utakachopata zaidi ni ukungu na mbegu iliyooza. Na hata huko huko Marekani sio zote zinazotaka baridi, ile yenye maua mekundu na njano, Asclepias curassavica, asili yake ni sehemu za joto za Amerika, hiyo inaota bila friji. Kila mbegu inafuata hali ya hewa ya kwao, hilo ndo la kushika.

Friji ina kazi moja tu kwako, kutunza mbegu KAVU za msimu ujao. Kausha kivulini, weka kwenye bahasha ya karatasi, bahasha iingie kwenye chupa yenye mfuniko unaobana. Lakini hata kabati lisilo na joto wala unyevu linatosha kutoka msimu mmoja hadi mwingine.

Haya, kuotesha. Kwanza tunda. Usichume la kijani kibichi kwa sababu ya haraka, mbegu za ndani zinakuwa nyeupe au rangi ya majani makavu, hizo hazijakomaa na hazitaota hata uzibembeleze. Subiri tunda lianze kubadilika rangi na mshono wake uachie ukiubonyeza kidogo kwa kidole gumba. Ukifungua ukakuta mbegu za kahawia iliyokolea, hapo sawa. Toa mbegu tunda likiwa ndo linaachia, shika sufi yote kwa pamoja kwa vidole viwili upande wa ncha, kwangua mbegu kwa mkono mwingine zidondokee kwenye bakuli, sufi inabaki mkononi. Ukichelewa mpaka tunda limefunguka lote utakimbizana na sufi nyumba nzima.

Loweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu. Asubuhi chuja, sia.

Udongo: watu wengi wanashindwa hapa wanasingizia mbegu. Huu mmea kwenye mipaka ya mashamba unaota kwenye udongo wa kichanga na kokoto unaopitisha maji, kwahiyo ukiupa samadi tupu na maji asubuhi mchana jioni unauua. Mimi nachanganya udongo wa juu sehemu mbili, mchanga wa mto sehemu moja, samadi iliyooza vizuri nusu sehemu, nachekecha. Kwa trei ya kusia mbegu samadi naiacha kabisa, naweka tu kwenye viriba, vile vifuko vya kukuzia miche, baadaye. Kabla ya kusia mwagia trei maji yaliyochemka, acha ipoe, hii inapunguza kinyausi. Kinyausi ndo adui namba moja wa miche midogo, unaamka unakuta miche imesinyaa shingo hapo inapotokea ardhini na imelala, na haiponi. Kinaletwa na unyevu mwingi, hewa kukosa njia na mbegu kubanana.

Sia kina cha nusu sentimita mpaka sentimita moja, usizidishe, acha nafasi ya vidole viwili kati ya mbegu na mbegu. Mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo asubuhi tu. Weka penye joto na mwanga, sio chini ya mgomba gizani. Kukiwa na joto utaona shingo zinatoka ndani ya wiki moja hadi tatu.

Muda: Arusha yenu iko juu, mita kama 1,400, mwezi wa 7 na wa 8 usiku ni baridi, mbegu zitaota lakini kwa kujivuta. Kwetu Moshi mjini tuko chini zaidi na joto lipo, mimi ningesia sasa. Wewe sia mwishoni mwa mwezi huu au mwanzoni mwa wa tisa, trei iingie ndani jioni karibu na jiko, mchana itoke juani. Miche itakuwa tayari mvua za vuli zikianza na mizizi itashika kabla ya jua la mwezi wa kwanza na wa pili.

bwana_mifugo_hai

Dada chipukizi nakupongeza kwa kazi ya watoto lakini hapa lazima tuseme ukweli wote. HUU MMEA NI SUMU. Ule utomvu una kemikali zinazoshika moyo, ng'ombe mbuzi kondoo wote wanadhurika. Mnyama mwenye majani ya kutosha kwa kawaida anaukwepa ukiwa mbichi kwa sababu ni mchungu, tatizo ni ukikatwa ukakauka ndani ya mzigo wa majani, uchungu unapungua sumu inabaki, mnyama anakula bila kujua. Huku kwetu wengi tunafuga ndani, majani tunakata kando ya barabara na kwenye mipaka, yaani hapo hapo mmea unapopenda kuota. Kwahiyo mkipanda shuleni wekeni uzio, na majirani wanaokuja kukata majani ya ng'ombe waambiwe na waonyeshwe mmea wenyewe, sio kubandika tangazo tu.

Na macho. Mtoto akikata jani halafu akafikicha jicho, utomvu unaunguza kioo cha jicho, kuona kunakuwa na ukungu na maumivu makali. Maji safi mengi hapo hapo bila kusubiri, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Mnapochuma mbegu na kupandikiza vaeni glovu, mikono na sabuni baadaye. Tena sheria ya kwanza ya klabu iwe hakuna kuvunja jani.

kipepeo77

aisee nimefurahi kuona mada hii maana huyu kipepeo tunamuona kila siku na hatumjui. Jina lake Danaus chrysippus, ni ndugu wa damu wa yule Danaus plexippus wa Marekani anayesafiri maelfu ya kilomita kwenda kukaa milima ya Mexico wakati wa baridi. Wa kwetu hana hiyo safari ya kwenda kujificha baridi, unamkuta mwaka mzima.

Hiyo sumu anayosema bwana mifugo ndo siri yake yote. Kiwavi anakula majani, sumu haimuui, anaihifadhi mwilini mpaka anakuwa kipepeo, ndege akimdonoa anapata uchungu anatapika na hamgusi tena mwenye rangi ile. Ndo maana anaruka polepole bila wasiwasi. Kuna kipepeo mwingine kabisa, Hypolimnas misippus, jike lake limechukua rangi zile zile za chungwa na ncha nyeusi japo lenyewe halina hiyo sumu, linajificha kwenye jina la mwenzake. Watoto wakishajua kutofautisha hawa wawili hawatasahau maisha yao.

Mche ukishakua mwambie kila mtoto ageuze jani taratibu aangalie chini, jike linataga yai moja moja, dogo jeupe limesimama. Kama kuna joto yai linaanguliwa ndani ya siku chache. Kiwavi kina mistari myeusi myeupe na ya njano, na vipembe vyeusi jozi tatu mgongoni. Yule wa Marekani ana jozi mbili, kwahiyo watoto wakiona picha mtandaoni wahesabu vipembe watajua ni wa wapi. Kutoka yai mpaka kipepeo anatoka ni kama mwezi hivi, baridi ikizidi anachelewa.

ila nakuomba sana, usipande miche miwili mitatu. Kiwavi kinakula balaa, mche mdogo kinaumaliza wote mpaka shina halafu kinakufa njaa mbele ya watoto. Pandeni mingi, na miche ikiwa bado midogo ifunikeni chandarua cha zamani jike lisije likataga mapema. Pia pembeni pandeni ule mmea unaoitwa marejea, madume ya hawa vipepeo yanaifuata sana hasa ikianza kukauka, yanafyonza kitu humo yanachotumia kuvutia majike.

mkaguzi_wa_zamani

Naomba nijibu hilo la binamu maana limepitwa. Hapana, asitume. Mbegu yoyote kutoka nje inatakiwa iwe na kibali cha kuingiza nchini na cheti cha afya ya mimea kutoka inakotoka, bahasha tu ya posta haikubaliki. Wahusika ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020 ikachukua iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, na makao yake makuu yako huko huko Ngaramtoni unakopita. Sio urasimu, ndani ya mbegu kunaingia magonjwa na magugu ambayo baadaye hayatoki. Tena mmea wa theluji uje kufanya nini Arusha? Ukiotesha kwa friji mwaka huu, mwakani watoto wataanza tena na friji.

Na faida nyingine, hapo Ngaramtoni ndo lilipo jumba la taifa la kuhifadhi sampuli za mimea iliyokaushwa. Kama una wasiwasi na jina la mmea wako, kata tawi lenye ua na tunda, libane kati ya magazeti likauke, andika ulipolichuma na tarehe, nenda nalo uulize. Gomphocarpus ziko za aina zaidi ya moja na tunda ndo linasaidia kuzitenganisha, lenye ncha ni fruticosus, la mviringo kabisa ni physocarpus. Kwa vipepeo zote ni chakula.

Lile ua jekundu na njano alilotaja mzee linauzwa kwenye vitalu vya maua barabarani. Vipepeo wanalikubali pia, lakini ni la Amerika na linajisambaza lenyewe, mimi kwa shule ningebaki na la kwetu.

mama_kihamba (Machame)

Mwanangu mbona mnajisumbua na kuloweka, kata tawi changa lisilo na maua, chovya kwenye maji utomvu uache kutoka, weka kwenye chupa ya maji dirishani, linatoa mizizi unapeleka kwenye kiriba. Mimi nina ua la masale pale nyumbani na huu mmea umekaa nje ya hilo ua, mbuzi hawaufikii, vipepeo wanakuja mpaka kwenye maua ya kahawa.

Na nawaambia watoto wa siku hizi, huu ni ukoo mmoja na msesewe, ule ule ambao gome lake linatiwa kwenye mbege. Sio kila kichungu ni cha kutupa, ila msesewe una vipimo vyake na wazee wanavijua, huu mwingine hauonjwi kabisa, waambieni na hilo kwa sababu watoto wa huku wanaweza kufananisha.

mzee_wa_kitalu (Rau, Moshi)

Mama kihamba shikamoo. Tawi linashika kweli sibishi, na kwa mtu anayetaka mche mmoja wa nyumbani ni njia nzuri. Lakini kwa shule naendelea kusimama na mbegu. Matawi yote ya mmea mmoja ni mmea ule ule, ugonjwa ukiingia unapita na yote. Mbegu kutoka mimea mbalimbali kila moja ina damu yake. Chukua tunda moja hapa, jingine kule, usimalize matunda ya mmea mmoja, acha na ya kupeperuka. Na watoto wanatakiwa waone mbegu ikipasuka, hicho ndo kilichoanzisha mada.

chipukizi_sakina (Arusha)

Shikamooni wazee wangu, nimesoma yote na nimechukua kwenye daftari. Uzio tutaongea na mwalimu mkuu kwanza kabla hata ya kusia. Na binamu nimeshamwandikia asitume.

Bado mawili. Mzee, kwenye kiriba nahamisha lini? Na jingine, kwenye ile mimea ya barabarani nimeona machipukizi ya juu yamejaa vijidudu vya njano vimeganda na sisimizi wanapanda wanashuka. Ndo vinaua mmea? Nipulizie nini?

mzee_wa_kitalu (Rau, Moshi)

Marahaba binti. Mche ukiwa na jozi mbili za majani juu ya yale ya kwanza ya mbegu, hamisha. Usichelewe, huu mmea unashusha mzizi mkuu mapema na ukiukata unadumaa. Chukua kiriba kirefu sio kifupi, shika mche kwa jani usishike shina, hamisha jioni, kivulini siku kadhaa halafu uzoeshe jua kidogo kidogo. Wiki moja kabla ya kupanda punguza maji ukomae. Kama unaona kuhamisha kutakusumbua, sia moja kwa moja kwenye viriba mbegu mbili mbili, baadaye acha mmoja wenye nguvu.

Sufi mliyotoa usitupe, waonyeshe watoto. Wakati wa vita vya pili vya dunia, sufi ya miti ya misufi kutoka Asia ilipokatika, watoto wa shule Marekani walitumwa kukusanya matunda ya mmea ndugu wa huu, sufi yake ikajazwa kwenye majaketi ya kuelea ya wanamaji. Watafurahi.

Hao wa njano kipepeo77 atakujibu, yeye ndo wa wadudu.

kipepeo77

hao ni vidukari, wengine wanaita wadudu mafuta, hao wa njano wenye miguu myeusi jina lao Aphis nerii na wamezoea huu ukoo wa mimea yenye utomvu. Mmea mkubwa hawauui, wanaudhoofisha tu machipukizi yanajikunja. Mche mdogo ndo wa kuuangalia.

USIPULIZIE DAWA. Yoyote, hata mwarobaini, hata ile ya kienyeji ya pilipili na majivu, kinachoua kidukari kinaua na kiwavi, sasa umepanda nini? Kwanza kagua chini ya majani kama kuna mayai au viwavi, kama hakuna lowanisha kidole ukiwa na glovu uwasugue, au uwarushie maji kwa nguvu asubuhi, wakidondoka wengi hawarudi. Sisimizi wanafuata utamu ambao vidukari wanatoa na wanawalinda, kwahiyo kwenye viriba weka miguu ya meza kwenye makopo ya maji sisimizi wasipande, utaona vidukari wanapungua kwa sababu wadudu wanaowala wanapata nafasi.

Na ukiona vidukari kadhaa wamevimba wamekuwa rangi ya kahawia hawasogei, hao usisugue, waache. Ndani kuna nyigu mdogo sana anakua, akitoboa akitoka anaenda kutaga kwenye vidukari wazima, na kazi yako inaishia hapo.